Sufuria Moja: Wosia kwa Wagumu wa Kilimanjaro

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wote mnaosubiri kuitwa majina kwenye mageti ya Marangu, Machame, Umbwe na Londorosi,

Magoti yameniaga kabla mimi sijayaaga. Daktari amenikataza kupanda tena, na safari hii nimemtii. Najua mzee akistaafu mlimani watu huja kumwuliza habari za kilele, dhoruba na wageni waliolia machozi walipofika Uhuru. Hayo mtayaona wenyewe. Mimi nataka kuwaachia neno la maji ya kunywa, kwa sababu nimeshuhudia vijana wenye shingo nene na miguu ya chuma wakiteremshwa mlimani wameshikwa mabega, si kwa baridi wala kwa mzigo, bali kwa tumbo.

Neno lenyewe ni hili: maji anayokunywa mgeni na maji anayokunywa mgumu, yaani mpagazi, yatoke kwenye sufuria moja. Yote nitakayoandika hapa chini ni namna ya kulitimiza.

Nilianza kubeba mizigo kabla Hifadhi ya Kilimanjaro haijafunguliwa rasmi mwaka 1977. Zama zile tuliinama mtoni tukanywa kwa viganja, tukajifuta midomo, tukaendelea na safari. Tuliamini maji ya mlimani ni safi kwa kuwa ni meupe na yanatoka juu. Watu walikuwa wachache, na huenda bahati ilitusaidia zaidi ya imani. Leo makumi ya maelfu ya wageni wanapanda kila mwaka, na nyuma ya kila mgeni wapo wapagazi watatu, wanne au zaidi. Wote hao wanakula, wanaoga uso, wanakwenda haja, na mvua ikinyesha kwenye kambi za Barranco au Shira inasomba kilicho juu ya ardhi na kukitia kijitoni. Baridi nayo haisaidii kama wengi mnavyodhani. Vijidudu vya jiadia, vile vinavyomfanya mtu aharishe na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, huishi muda mrefu zaidi kwenye maji baridi kuliko kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba maji yanayouma meno ni maji salama.

Sasa tuseme ukweli wa kambini. Kambi nyingi zina maji ya namna mbili. Mpishi anachemsha ya wageni, anayaacha yapoe, anayachuja, anayajaza kwenye chupa zao jioni na alfajiri. Kijana aliyeyabeba maji hayohayo kutoka bondeni, jasho likimtoka, anachovya kikombe kwenye dumu na kunywa yakiwa mabichi. Niliwahi kufanya kazi na kampuni iliyohesabu mitungi ya gesi kwa idadi ya wageni tu. Sisi tulihesabiwa unga, sukari na majani ya chai, lakini moto wa kuchemshia maji yetu ya kunywa haukuwamo kwenye karatasi. Jina la kampuni hiyo halina faida hapa, maana haikuwa peke yake.

Msiniambie hilo ni jambo la uchumi. Kwanza ni jambo la haki, na haki haihitaji maelezo marefu. Pili ni jambo la akili. Kijana aliyekunywa maji mabichi Jumatatu ndiye anayeosha sahani za mgeni Alhamisi, ndiye anayemenya viazi, ndiye anayepokezana naye chupa. Ukimlinda mgeni ukamwacha mgumu, umefunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi. Tatu ni jambo la kazi yenyewe: mgumu mmoja akiugua, kilo zake hazibaki kambini. Zinagawanywa kwa wenzake.

Basi, mtayafanyaje maji yawe salama kwa wote?

Njia ya kwanza ni moto, na moto una wapinzani wake mlimani. Nimesikia wapishi wakisema: huku juu maharage hayaivi, basi na vijidudu navyo havifi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, yanachemka kwa nyuzi 88 hivi. Ukifika kambi ya Kibo, mita zaidi ya 4,700, yanatokota kwa nyuzi karibu 85 na hayapandi tena hata ukifungua gesi yote. Maharage yanahitaji joto kubwa na muda mrefu ili yalainike. Bakteria na vimelea vya tumbo havihitaji hivyo: huanza kufa joto linapokaribia nyuzi 70, kabla hata povu halijaonekana. Kinachotakiwa ni muda kidogo wa ziada. Wataalamu wa afya wanashauri dakika moja ya kutokota kwa watu wa tambarare, na dakika tatu kwa walio juu ya mita 2,000. Kambi zetu zote ziko juu ya hapo, basi kanuni yenu ni dakika tatu. Hesabu tangu maji yanapopindukapinduka sufuria nzima, si tangu viputo vya kwanza vionekane pembeni. Funika sufuria, utaokoa gesi. Chemsha ya usiku wakati moto wa chakula cha jioni bado unawaka, ili asubuhi watu wakute maji yamepoa.

Njia ya pili ni chujio. Vijana mnapenda machujio ya kisasa, yale ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na mna haki ya kuyapenda kwa kuwa ni mepesi na hayali gesi. Lakini yajueni yanachoweza na yasichoweza. Matundu yake ni ya mikroni 0.1 au 0.2 hivi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawapiti hapo, wala jiadia, wala amiba. Virusi hupita, kwa kuwa ni vidogo mno, na miongoni mwake vimo virusi vya homa ya ini ya aina A na vile vinavyowaharisha watoto. Mahali penye watu wengi na vyoo vingi, kama kambi zetu, chujio peke yake halitoshi. Chuja, kisha chemsha au tia dawa.

Na adui mkubwa wa chujio hilo ni usiku wa kambi ya Barafu. Likishapitisha maji, nyuzi zake hubaki zimelowa ndani hata ukilikung'uta namna gani. Maji yakiganda yanatanuka, yanapasua nyuzi, na nje huoni kitu. Asubuhi linapitisha maji vizuri tu, tena pengine kwa kasi kuliko jana, nawe unafurahi kumbe unakunywa mto wenyewe. Kwa hiyo chujio lilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, na njiani likae ndani ya koti, karibu na mwili. Likiganda hata mara moja, litupe. La kauri nalo likidondoka kwenye jiwe, likague kwa tochi. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuliharibu. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie ndani ya ndoo, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne kabla ya kuyatia kwenye chujio. Msidharau kitambaa. Kule Bangladesh watafiti waliwafundisha kina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa karibu nusu. Kitenge cha mama yako kinaweza kuanza kazi, ila hakiwezi kuimaliza.

Njia ya tatu ni dawa, na hii ndiyo inayonyima kampuni kisingizio. Vidonge vya klorini kama WaterGuard vinauzwa Moshi mjini, na vipo ambavyo kimoja kinatosha dumu zima la lita 20. Gharama yake ni ndogo kuliko soda. Kifurushi kimoja kidogo mfukoni kinawatosha wagumu wote wa msafara kwa safari nzima. Soma maelezo ya karatasi, kwa kuwa vidonge havilingani nguvu. Kwa kawaida unasubiri dakika 30, lakini dawa hufanya kazi polepole kwenye baridi, kwa hiyo maji ya bonde la Karanga yape saa nzima. Yakiwa na tope, yachuje kwanza. Tope hula dawa. Na mjue kwamba kipo kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida haikiumizi, ila moto hukiua na chujio hukizuia. Ndiyo maana nasema njia mbili pamoja ni bora kuliko moja. Chujio linakamata vikubwa, dawa inaua vidogo.

Halafu kuna mikono na vyombo, ambako kazi nzuri yote huharibikia. Dumu la mtoni lisiwe dumu la kunywa. Lifungeni kitambaa chekundu shingoni ili hata anayeamka usiku na usingizi machoni asikosee. Maji yaliyochemshwa hayachotwi kwa kikombe cha mtu; yanamiminwa, au yanachotwa kwa upawa mmoja ambao haulali chini. Kwenye chujio, mrija wa maji machafu na mdomo wa maji safi visikae mfuko mmoja. Sabuni na ndoo ya kunawia vikae mlangoni pa choo na mlangoni pa jiko. Mpishi asiyenawa ataharibu kazi ya moto, chujio na vidonge kwa kukata tango moja.

Sasa nije kwenye kubeba, kwa kuwa huko ndiko mgongo wenu uliko.

Mnajua kwamba mzigo wa mpagazi hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na getini kuna mizani. Lakini mizani ya getini haiyaoni maji. Maji yanatekwa juu, baada ya mizigo kupimwa, na lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa, tayari ni mzigo kamili wa mtu mzima, hata kabla hujaongeza hema wala kapu la mboga.

Tazameni njia ya Machame au Lemosho. Mahali pa mwisho penye maji ya uhakika ni bonde la Karanga, karibu mita 4,000. Kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600, haina mto wala chemchemi. Chukueni msafara wa watu 20, wageni na wagumu pamoja. Kila mmoja akipewa lita 4 za kunywa, chai na supu kwa jioni ile na usiku wa kilele, mnahitaji lita 80. Hayo ni madumu manne, mizigo minne kamili, yanayopanda mita karibu 700 kwenye mawe. Kampuni isiyoweka watu wa kubeba maji hayo kwenye hesabu yake itafanya moja kati ya mawili: itayapachika juu ya mizigo mingine, au itapunguza maji. Na yakipunguzwa mnajua yanapunguzwa kwa nani. Njia ya Marangu ina shida hiyohiyo: baada ya Horombo kuna pale palipobandikwa kibao cha maji ya mwisho, na kutoka hapo hadi Kibo kila tone linabebwa.

Kwa hiyo, wewe utakayekuwa kiongozi wa msafara, fanya hesabu ya maji ofisini, siku mizigo inapopangwa. Idadi ya watu, mara lita, mara siku zisizo na mto, kisha gawanya kwa lita 20 za mzigo mmoja. Jibu lake ni idadi ya wapagazi wa maji. Mwenye kampuni akikuambia ni wengi mno, mwonyeshe hesabu, umwache akatafute kosa.

Wewe unayebeba, sikiliza na haya. Dumu lijaze mpaka shingoni au likamue hewa yake. Maji ya nusu dumu huchezacheza, na kila yanapogonga upande mmoja yanakuvuta nawe, ukiwa umeweka mguu kwenye jiwe lenye utelezi. Madumu mawili ya lita 10 ni rahisi kuliko moja la 20, kwa kuwa unaweza kuyasawazisha. Yakikaa mgongoni, yakae juu karibu na mabega na yagusane na mgongo. Kizibo kikague wewe mwenyewe. Maji yakilowesha nguo zako saa kumi jioni Barafu, umeshajitafutia ugonjwa mwingine.

Na unywe. Wagumu wengi hawanywi njiani kwa sababu wanawahi kambi, wakifika wanaanza kusimamisha mahema, na kikombe cha kwanza wanakipata jioni. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kunywa kidogokidogo tangu asubuhi. Lakini msije mkawadanganya wageni kwamba maji ni dawa ya ugonjwa wa mlima. Mtu mwenye kichwa kinachogonga, anayetapika na kuyumba kama mlevi, hatibiwi kwa lita tano. Anatibiwa kwa kushuka. Na anayejilazimisha kunywa maji kupita kiasi bila chumvi wala chakula anaweza kujidhuru kwa hilohilo.

Usiku wa kilele una adabu yake. Mifuko ya maji yenye mrija inawapendeza wageni mchana, lakini saa tisa usiku mrija umeganda. Mwambie mgeni akishanyonya apulize maji yarudi ndani, na hata hivyo abebe chupa ya pili. Chupa zijazwe maji ya moto mnapoondoka, zivishwe soksi nzito, zigeuzwe kichwa chini kwenye begi, kwa kuwa barafu huanzia juu na kizibo kitabaki wazi. Chupa ya chai moja ya msafara ibebwe na aliye nyuma, si aliye mbele, maana wanaoihitaji zaidi wako nyuma.

Mtu akianza kuharisha, msingoje gari la getini. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, anywe kidogokidogo kila anapopoteza maji. Ukiona damu, au homa kali, au hawezi kushikilia kitu tumboni, mshusheni.

Kabla sijafunga, nizungumze na ninyi kama Mchaga mwenye kihamba, shamba la nyumbani kwetu. Mito ya Karanga, Umbwe na Weruweru mnayoivuka na mizigo kichwani haiishii kambini. Inashuka msituni, inaingia vijijini, mingine iligawanywa na babu zetu kwenye mifongo, mifereji yetu ya asili, iliyonywesha migomba na watu kwa vizazi vingi, na inakwenda kuungana na Pangani hadi baharini. Mfongo ulikuwa na sheria: zamu, siku ya kuusafisha, na faini kwa anayeuchafua. Kwa nini sheria hiyo ife ukivuka lango la hifadhi? Anayejisaidia kando ya kijito cha Barranco anamchafulia shangazi yake chai. Hamna choo karibu? Nendeni hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, chimbeni, mfukie. Vyombo visioshwe mtoni. Maji yachotwe, sabuni imwagwe mbali. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kwa maji msemo huo ni kweli kupita wote: kila mnachofanya juu, sisi wa chini tunakipokea.

Historia inamkumbuka Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, na siku hizi inamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama mwongozaji wake. Waliobeba mizigo yao wengi hawana majina vitabuni. Msidai vitabu. Daini maji safi, kwa sababu hilo mnaweza kulipata msimu huu.

Mali yangu ya mlimani ni kidogo, na naigawa hivi. Chujio langu la kauri alichukue mjukuu anayesomea uongozaji, akiniahidi kuliangalia nyufa kila safari. Mizani yangu ya kuning'iniza aichukue dada yake, ambaye tayari anaongoza misafara. Apande nayo, apime madumu Karanga kama mizigo inavyopimwa getini, na atakayezidishiwa apunguziwe palepale. Sufuria kubwa la lita 20 ni la mjukuu wangu mpishi. Sharti lake ni moja: siku atakapochemsha maji ya wageni peke yao, alirudishe kihambani, nami au mrithi wangu tutampa mpishi mwingine.

Mungu awape magoti ya kudumu na matumbo matulivu.

Babu yenu,
Marangu